Samadi yetu: methani ni kidogo, naitrojeni ndo inatuponyoka

Juzi kwenye kikao cha wafugaji hapa Kasulu mtaalamu mmoja alituonyesha picha ya lundo la samadi, akasema hili linachangia kuongeza joto la dunia, lifunikeni. Mzee mmoja mwenye ng'ombe wawili wa maziwa akanyanyuka akauliza, mavi ya ng'ombe wangu wawili na hayo mashamba makubwa ya Ulaya wapi na wapi? Watu wakampigia makofi. Tangu siku hiyo ukimtajia mtu kufunika samadi anakujibu hayo mambo ya wazungu. Mi naona mzee alikuwa sahihi kabisa kwenye swali lake, ila watu walitoka pale na jibu ambalo sio.

Lile joto alilolisema mtaalamu linatokana na methani, gesi inayopasha joto dunia, na kwenye samadi inatengenezwa pale ambapo hewa haifiki, yaani mavi yakiwa yamelala ndani ya maji kama yale mabwawa ya tope la samadi kwenye mashamba makubwa ya huko nje. Samadi kavu iliyolundikwa nyuma ya zizi au iliyodondoka malishoni inatoa kidogo sana. Mwongozo wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, wa mwaka 2006 unaweka kilo 1 tu ya methani ya samadi kwa mwaka kwa ng'ombe wa maziwa wa Afrika, wakati wa Amerika Kaskazini ni kilo 48 mpaka 112 kutegemea na joto la eneo. Kilo 1! Na ng'ombe wetu huyohuyo methani inayomtoka mdomoni anapocheua ni kilo 46. Kwa hiyo ukija kumwambia mfugaji wa Kasulu afunike lundo kwa sababu ya methani, umemletea sababu dhaifu kuliko zote, na yeye ameiona.

Sasa njoo kwenye naitrojeni, kirutubisho kinachokuza mimea na kuipa ukijani, ambayo kikaoni ilitajwa mara moja ikapita. Ng'ombe wa maziwa wa kilo 270 hadi 300 hivi anatoa kwenye mavi na mkojo karibu kilo 50 mpaka 60 za naitrojeni kwa mwaka. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23, kwa sababu urea ni asilimia 46 naitrojeni. Piga hesabu mwenyewe, hiyo ni zaidi ya mifuko miwili kwa ng'ombe mmoja, kila mwaka, na karibu nusu yake ipo kwenye mkojo ambao wengi wetu tunauacha unywewe na udongo wa bandani. Na naitrojeni ya kwenye mkojo sehemu kubwa ni urea, ileile tunayopanga foleni kuinunua kwa ruzuku tangu msimu wa 2022/23. Mkojo ukigusana na mavi urea inavunjwa inakuwa amonia, gesi inayoruka hewani na naitrojeni yako, na kazi hiyo haichukui wiki, ni masaa mpaka siku mbili tatu. Ukiingia bandani alfajiri kabla hujafagia, ile harufu inayochoma macho mpaka yanatoa machozi, hiyo ndo mbolea yako inaondoka. Ikianguka huko mbele sehemu yake inageuka naitrasi oksaidi, gesi ambayo kilo kwa kilo inapasha joto dunia mara 273 kuliko hewa ukaa.

Sisemi samadi ya ng'ombe wawili inaondoa haja ya kununua mbolea, hapana, naitrojeni ya kwenye mavi inatoka taratibu na mahindi hayasubiri. Ila nyuma ya banda letu mahali lilipokaa lundo la mwaka jana mahindi ni kijani cheusi, ukitembea hatua kumi tu unakuta ya njano.

Wanaokataa kufunika samadi wana hoja nyingine za kweli pia. Turubai linachanika kwa upepo. Mabua ya kutandika bandani yanyonye mkojo ni chakula cha ng'ombe kiangazi, maranda mpaka uende kwa fundi seremala. Na kazi yenyewe ya beleshi na toroli mara nyingi inawaangukia mama na watoto. Halafu kuna mvutano ambao wataalamu hawausemi sana, ukifunika na kushindilia lundo amonia inabaki lakini katikati hewa inakosekana na methani inaongezeka kiasi, ukiligeuzageuza methani inapungua ila amonia inaruka. Bayogesi, yaani gesi ya kupikia inayotengenezwa na samadi kwenye mtambo uliofungwa, ndo inapendwa na wafadhili, na mwenye banda la ndani na maji ya karibu inamfaa kweli, kuni zinapungua na lile tope linalotoka ni mbolea nzuri. Lakini mtambo wenye ufa, au unaojaa gesi isiyopikiwa ikaachwa itoke, umekutengenezea methani ambayo lundo kavu lisingekuwa nayo. Kwa hali yetu mi naona bora methani iongezeke kidogo kuliko kupoteza naitrojeni.

Uholanzi mwaka 2019 wafugaji waliandamana na matrekta mpaka mji wa The Hague yaliko makao ya serikali yao, kwa sababu ya naitrojeni hiihii, ila kwao imezidi, ardhi imeshiba. Huku shamba lina njaa nayo. Ndo maana inaniuma watu kuikataa dawa kwa sababu walitajiwa ugonjwa wa jirani.

Nilimfuata yule mzee kwake tukakaa. Nilipomwambia habari ya mkojo na urea hakubisha hata kidogo, aliinuka akanionyesha nyuma ya banda, mfereji mweusi unaoshuka mpaka njiani kila mvua ikinyesha, akauliza sakafu ya ng'ombe wawili yenye mteremko na kashimo ka kukingia mkojo inakula mifuko mingapi ya saruji. Tukapima kwa hatua. Hilo swali la saruji ndo lingeulizwa kikaoni, na aliyekuja na picha ndo angekuja na jibu lake.