Baridi ya Uingereza: mshauri wa nyumbani asibebeshwe kosa la mwenye nyumba

Kila Novemba inapokaribia, halmashauri za Uingereza huwatumia wapangaji wao maelekezo yaleyale: weka joto la wastani kwa muda mrefu badala ya kuwasha kipasha joto kwa nguvu kwa saa moja, funika sufuria unapopika, fungua dirisha baada ya kuoga, usianike nguo juu ya rediyeta, yaani bamba la ukutani linalopasha chumba joto. Pamoja nayo huja orodha ya misaada ya msimu na ahadi kwamba mtu anaweza kuja nyumbani kutoa ushauri. Wapangaji wengi wamechoshwa na maelekezo hayo, na watetezi wao wamechoka zaidi. Wanasema kwamba aliye kwenye baridi anahitaji fedha na ukuta mkavu, wala hahitaji kufundishwa kufungua dirisha. Wana haki ya kusema hivyo. Hata hivyo, hasira hiyo imeanza kumwangukia mtu asiyestahili, yaani yule mshauri anayebisha hodi.

Hasira yenyewe ina historia. Desemba 2020, Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili, alifariki dunia mjini Rochdale, na Novemba 2022 mchunguzi wa vifo Joanne Kearsley aliamua kwamba kilichomuua ni ugonjwa wa njia ya hewa uliotokana na kuishi kwa muda mrefu kwenye kuvu ndani ya fleti ya chama cha nyumba, yaani taasisi inayopangisha nyumba za kodi nafuu. Baba yake, mhamiaji kutoka Sudan, alikuwa ameripoti kuvu hiyo tangu 2017 na akaambiwa aipake rangi. Baya zaidi, wenye nyumba walidhania kwamba tatizo ni namna familia ile inavyooga na kuishi, dhana ambayo chama kilikuja kukiri kuwa haikuwa sahihi. Mswahili anayepanga Tottenham au Leicester hahitaji kuelezwa dhana kama hiyo huwa inatoka wapi.

Tayari Oktoba 2021 Richard Blakeway, aliyekuwa akisimamia malalamiko ya wapangaji wa nyumba za jamii, yaani zile za halmashauri na vyama vya nyumba, alikuwa ametoa ripoti kuhusu unyevu na kuvu iliyotamka wazi, tangu kwenye jina lake, kwamba tatizo si mtindo wa maisha ya mpangaji. Mwongozo wa serikali wa Septemba 2023 ukasisitiza hilohilo, na kuanzia tarehe 27 Oktoba 2025 Sheria ya Awaab, iliyopewa jina la mtoto yule, imeanza kutumika England kwa nyumba hizo za jamii: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, unyevu na kuvu vinavyotishia afya vichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, na nyumba ifanywe salama ndani ya siku nyingine 5 za kazi baada ya uchunguzi kukamilika.

Kwa hiyo wanaoudharau ushauri hawakuanza na dharau, kwani kwa miaka mingi ushauri ulitumiwa kama ngao. Mpangaji akilalamika kuhusu ukuta unaovuja, anajibiwa kwa karatasi ya kufunika sufuria. Maelekezo hayo ni sahihi kisayansi, kwa kuwa hewa yenye mvuke ikikutana na ukuta baridi huacha maji, na maji yakikaa huotesha kuvu. Lakini ukuta ukiwa baridi kwa sababu haukujengwa wala kurekebishwa ipasavyo, hakuna dirisha litakaloutia joto, na kumwambia mtu afungue dirisha mwezi Januari wakati joto la chumbani amelinunua kwa pauni zake za mwisho ni kumtaka amwage alichokinunua.

Tatizo langu ni hatua inayofuata, pale inaposemwa kwamba, kwa kuwa karatasi ilikuwa matusi, basi ushauri wote ni matusi, na fedha zote zipelekwe kwenye ruzuku na ukarabati. Anayesema hivyo huenda hajawahi kukaa jikoni na mpangaji mbele ya mita.

Nyumba nyingi za halmashauri zina mita za kulipia kabla, na msomaji wa Dar es Salaam anayenunua LUKU anaweza kudhani anaijua biashara hiyo. Huko Uingereza kuna jambo la ziada: ada ya kila siku inayokatwa hata usipowasha chochote. Kwa gesi, katika miaka hii ada hiyo imekuwa takriban peni 30, na peni 100 ni pauni moja. Mpangaji anayetumia gesi kwa kupasha joto peke yake huzima boila, yaani mtambo wa gesi unaochemsha maji ya kupashia nyumba joto, mwezi Mei, akaacha kuongeza salio, akaamini kwamba anabana matumizi. Kuanzia Juni hadi Septemba ni siku 122. Ukizidisha kwa peni 30 unapata zaidi ya pauni 36. Baridi ya kwanza ya Oktoba inamkuta akienda dukani na noti ya pauni 20, anarudi, anaingiza kadi kwenye mita, na boila haiwaki, kwa sababu pauni 20 zote zimemezwa na deni la kiangazi ambalo hakujua kuwa analo. Kesho yake hana nyingine. Anahitimisha kwamba mita ni mbovu, au kwamba gesi imekuwa ghali kupita uwezo wake, na tangu siku hiyo nyumba inakaa baridi hadi machipuko, huku kuvu ikishuka pole pole kutoka pembe ya dari.

Pauni hizo 36 ndizo zinazonifanya nimtetee mshauri. Ruzuku haizioni, kwa sababu ruzuku huhesabu kipato cha mtu wala haijui mita yake inasema nini. Fundi naye hazioni, maana akifika atapima ukuta na kuandika kwamba chumba hakipashwi joto. Anayeziona ni mtu aliyeketi mezani, akaomba kuonyeshwa kadi, akasoma namba kwenye kioo cha mita, kisha akampigia simu muuzaji wa gesi kuomba deni ligawanywe kidogo kidogo kwa wiki, jambo ambalo linawezekana lakini mpangaji peke yake mara nyingi hajui kwamba linaombwa.

Na ruzuku zenyewe hazijifikishi. Katika msimu wa 2022 hadi 2023 serikali ilitoa pauni 400 kwa kila kaya ili kupunguza gharama za nishati, na wenye mita za kizamani za kulipia kabla wakatumiwa vocha za kupeleka dukani au posta. Wiki chache kabla ya mlango kufungwa tarehe 30 Juni 2023, vocha za zaidi ya pauni milioni 100 zilikuwa bado hazijatumika. Waliokuwa na akaunti za kawaida benki walipata zao bila kuinua kidole, wakati fedha zilizokwama zilikuwa za watu wenye mita, ambao ndio maskini zaidi.

Mwaka uliofuata mambo yalizidi. Julai 2024 serikali iliamua kwamba malipo ya nishati ya majira ya baridi kwa wazee, pauni 200 au 300, yaende tu kwa wanaopokea nyongeza ya pensheni na misaada mingine ya wenye kipato kidogo. Mamia ya maelfu ya wazee waliostahili nyongeza hiyo hawakuwa wamewahi kuiomba, na fomu yake ilikuwa na maswali zaidi ya 200. Msimamo huo ulilegezwa Juni 2025, na sasa wazee wote hulipwa, isipokuwa mwenye kipato cha zaidi ya pauni 35,000 hurejesha kupitia kodi. Ila kwa majira yale ya 2024, tofauti kati ya bibi aliyepata pauni 300 na jirani yake aliyekosa ingeweza kuwa ni mtu mmoja tu wa kukaa naye kujaza fomu. Kwa bibi aliyetoka Barawa au Unguja, ambaye Kiingereza chake ni cha sokoni, mtu huyo huwa ni mjukuu wa miaka kumi na miwili, kama yupo.

Hata lile somo la hewa linalodharauliwa hubadilika likitolewa mahali pake. Juu ya mlango wa bafu la fleti nyingi kuna swichi ndogo ya feni ya kutoa mvuke, na wapangaji huizima kwa kuogopa bili. Feni ya wati 10 ikizunguka kutwa kucha hutumia umeme wa takriban peni 6. Karatasi ingemwambia mpangaji apitishe hewa, ilhali mshauri humwonyesha swichi na bei yake.

Ipo hoja ya gharama, nayo si ya kubeza. Kodi za nyumba za jamii England zilishushwa kwa asilimia 1 kila mwaka kuanzia 2016 hadi 2020, na halmashauri zina majengo ya kukarabati kuliko fedha. Mfuko wa kusaidia kaya ulioanzishwa Oktoba 2021 uliendeshwa kwa kuongezewa muda wa miezi sita au mwaka, na kwa mfuko wa namna hiyo huwezi kuajiri mshauri wa kudumu, bali unachapisha karatasi. Pengine hiyo ndiyo sababu kubwa ya karatasi kuwa nyingi kuliko watu.

Ninaloweka kama sharti ni kwamba mshauri awe na mamlaka ya kufungua kazi ya ukarabati papo hapo, na asitamke neno kuhusu dirisha kabla ya ukuta kupimwa. Na hapa Sheria ya Awaab imezaa jambo ambalo halijajadiliwa vya kutosha. Saa zake huanza kuhesabiwa tangu mwenye nyumba apate habari za hatari. Mshauri wa halmashauri akiiona kuvu jikoni, halmashauri imepata habari, hata kama mpangaji hakulalamika. Kwa mwenye nyumba mwema hiyo ni faida. Kwa anayehesabu faini, kila mshauri anayebisha hodi ni deni jipya, na njia rahisi ya kulikwepa ni kuwapunguza washauri huku akinukuu maneno ya watetezi wa wapangaji kwamba ushauri ni matusi. Halmashauri itakayofuta ziara za nyumbani msimu huu ingefaa iulizwe ni kazi ngapi za ukarabati zilifunguliwa na washauri wake msimu uliopita.