Sola juu ya bati Kigoma: unanunua umeme, au unanunua kutokatika?

Karatasi ya makadirio bado iko mezani kwangu. Paneli nne za wati 550, inveta ya kilowati tatu, betri ya lithiamu ya uniti tano, fremu, waya, ethi, ufundi. Chini kabisa, kwa kalamu nyekundu: shilingi milioni sita. Fundi aliiandika tukiwa tumesimama uani kwangu, Mwanga, kisha akaongeza kwa mdomo kile ambacho hakukiandika: "Kaka, ukifunga hii, LUKU unaisahau."

Kauli hiyo nimeisikia kwa watu wengi, na nadhani ndiyo inayowapoteza wengi.

Tuanze na matumizi. Nyumba yenye friji moja, televisheni, feni, taa kama kumi za LED na simu za watoto inakula karibu uniti tatu kwa siku, yaani 90 kwa mwezi. Mteja wa T1, kundi la matumizi ya kawaida, analipa shilingi 292 kwa uniti, na ukijumlisha VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA (wakala wa umeme vijijini) na asilimia 1 ya EWURA (mdhibiti wa nishati), uniti moja inafika kama 356. Mwezi mzima ni 32,000 hivi. Gawanya milioni sita kwa hiyo: miezi 187, miaka kumi na tano na zaidi. Na hapo tumedhani kwamba inveta haitaungua hata siku moja, na kwamba jua litabeba nyumba yote peke yake.

Aliye kwenye D1, yule asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, ndiyo kabisa. Kwake uniti ni shilingi 100 kabla ya tozo, kwa hiyo uniti zote 75 zinamgharimu 9,150. Ukitaka milioni sita irudi kwa njia hiyo, utasubiri zaidi ya miaka hamsini. Mrithi wako ndiye atakayeanza kuona faida. Halafu kuna kodi ya jengo, ile 1,500 ya kila mwezi inayokatwa kwenye LUKU. Usiponunua umeme haifutiki, inajilimbikiza kama deni kwenye mita, inakusubiri.

Kwa hiyo anayefunga sola mjini ili apunguze gharama za umeme, hesabu inamkataa. Hapo sina mjadala. Ila fundi wangu si mwongo, na upande wake una nguvu kuliko anavyoueleza mwenyewe.

Mji huu kwa miaka mingi uliishi kwa majenereta ya dizeli, na gridi ya Taifa ilianza kuingia mkoani mwaka 2022 tu, kwa upande wa Kibondo na Kasulu. Watu wa hapa walijifunza kujitegemea mapema. Wavuvi wa dagaa ni mfano mzuri: karabai zilizokuwa zikiwaka ziwani usiku zimepisha taa za LED za betri, na baadhi ya betri hizo zinachajiwa kwa paneli. Walilinganisha bei ya mafuta ya taa na bei ya jua, wakaamua.

Na huo ndio ulinganisho unaoibeba sola. Jenereta ndogo ya petroli, lita moja ikikupa uniti mbili imejitahidi. Kwa petroli ya shilingi elfu tatu hivi, uniti moja inakugharimu 1,500 au zaidi, bila oili, bila plagi, bila kelele kwa jirani. Dhidi ya gridi, sola inashindwa vibaya. Dhidi ya jenereta, inashinda mapema sana. Mwenye nyumba au duka ambako nguzo haijafika asihangaike na hesabu zangu za LUKU, hazimhusu. Afunge. Ila kama kijiji chake kimo kwenye mpango wa REA, aulize kwanza nguzo zinakuja lini, maana kuunganishwa kijijini ni 27,000, na hakuna paneli ya maana ya bei hiyo.

Sisi tuliobaki katikati, tulio na gridi inayokuja na kwenda, ndio wenye swali gumu. Tunachotaka kununua hasa ni kutokatika, na kutokatika hakutoki kwenye paneli. Kunatoka kwenye betri.

Angalia tena karatasi ya fundi. Paneli nne za wati 550 ni wati 2,200. Kwa jua la Kigoma wakati wa kiangazi, hata ukitoa hasara za joto, vumbi na waya, zitakupa kama uniti nane kwa siku. Nyumba inakula tatu. Tano zilizobaki zinakwenda wapi? Haziendi popote. Betri ikishajaa saa tano asubuhi, paneli zinakaa zinaota jua tu. Wala usidhani utaurudisha gridi ukalipwa, kwani mita nyingi za kulipia kabla zinahesabu umeme unaorudi kama vile umeutumia wewe. Inveta lazima isetiwe isitoe hata kidogo, na hilo umuulize fundi kabla hajapanda juu.

Nilimuuliza kwa nini nne. Jibu lake lilikuwa zuri: "Njoo uniulize mwezi wa kumi na mbili." Ni kweli, kuanzia Novemba hadi Aprili kuna siku wingu linatanda juu ya ziwa asubuhi mpaka jioni, na zile nane zinashuka hadi tatu au chini ya hapo. Paneli za ziada ni akiba ya masika. Na uniti za ziada za kiangazi unaweza kuzipikia: presha kuka inapikia maharage ya Kasulu kwa nusu uniti, mchana, bure. Ni hoja nzuri, isipokuwa nusu uniti ya gridi ni kama shilingi 180, na mkaa wa kuivisha maharage yaleyale unazidi hapo mara kadhaa. Huhitaji paneli kuacha mkaa. Unahitaji presha kuka.

Jambo jingine ambalo halikuwa kwenye karatasi ni inveta yenyewe. Hata taa zote zikiwa zimezimwa, inaweza kula wati 40 kwa kukaa tu imewashwa. Kwa siku nzima ni karibu uniti moja, sawa na friji. Nyumba ya uniti tatu imekuwa ya uniti nne na hakuna aliyeongeza kitu.

Kwenye betri mimi niko upande wa lithiamu, ingawa bei yake inauma. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea 200 inasoma uniti 2.4 kwenye lebo, lakini ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua, na joto letu linaisaidia kufa. Betri ya gari ni mbaya zaidi, imetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache, si kubeba feni usiku kucha.

Halafu paa. Paneli moja ya wati 550 ina karibu kilo 28, kwa hiyo nne zinapita kilo mia, na kenchi nyingi za hapa zilipigwa zikijua zitabeba bati tu. Fundi alipopanda kwangu, bati la geji 30 lilibonyea na kulia kila alipokanyaga nje ya papi, na mimi chini nilikuwa nahesabu mvua. Kila skrubu bila mpira wake ni tundu la kuvuja. Paneli zielekee kaskazini, kwa kuwa tuko kama nyuzi tano kusini mwa ikweta, zikiinama kiasi ili mvua ioshe vumbi. Nimeona za mtu Gungu zimeelekea kusini. Fundi wake, nadhani, alijifunza kwa video za Ulaya. Na radi za huku si za mchezo, kwa hiyo ethi si kitu cha kupunguziana bei.

Kabla ya kuamua, nilifanya kitu kidogo ambacho namshauri kila mtu: kwa mwezi mmoja niliandika kwenye kalenda ya jikoni kila umeme ulipokatika na uliporudi. Nilidhani tunakaa gizani nusu ya maisha. Kumbe kukatika kulikozidi muda wa saa nne hakukufika vidole vya mkono mmoja. Kulikobaki ni vipande vifupi, vingi vya jioni, vinavyoudhi kuliko vinavyoharibu.

Mama mmoja anayeuza migebuka ya baridi Kibirizi aliniambia hasara yake haitoki kwenye kukatika, inatoka kwenye wateja wanaofungua friza kuchagua samaki umeme ukiwa umekatika. Friza iliyojaa na kuganda, isipofunguliwa, inakaa hata siku mbili. Sasa anatoa samaki wa kuonyesha kwenye ndoo ya barafu na kuifunika friza kwa blanketi. Yeye akiamua kununua betri, nitamuelewa, ana mtaji wa kulinda. Inveta yake tu isiwe ndogo, maana mota ya friza inapoanza inavuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa.

Mimi nimechukua betri ndogo ya lithiamu ya uniti moja na robo na inveta yake, inayochajiwa na LUKU hiihii. Inabeba taa, televisheni, ruta na simu kwa jioni nzima, na friji inasubiri mlango ukiwa umefungwa. Haikufika robo ya ile milioni sita. Fundi alifunga kwa nusu siku, hakufurahi sana, lakini alipomaliza alitoka uani akautazama mwembe wa jirani unaotupa kivuli juu ya bati langu kuanzia saa tisa. "Ukija kutaka paneli," akasema, "huo tutauzungumzia." Nikamwambia azungumze na jirani mwenyewe, wakati wa embe ukishapita.