Thistlegorm: tatizo ni kamba kuliko mzamiaji

SS Thistlegorm, meli ya mizigo ya Uingereza, ilizamishwa na ndege za Ujerumani usiku wa tarehe 6 Oktoba 1941, karibu na Ras Muhammad nchini Misri. Ilikuwa imezunguka Afrika Kusini kukwepa vita vya Mediterania, ikatia nanga Bahari ya Shamu kusubiri zamu ya kuingia Mfereji wa Suez. Mabomu yalilipua shehena ya risasi na makombora. Watu 9 walikufa.

Leo imelala kwenye kina cha mita 30 hivi, na wazamiaji huifuata kutoka kila pembe ya dunia. Ukiingia vyumba vya mizigo unakuta malori ya Bedford yamepangwa, na juu yake pikipiki za BSA zimesimama bega kwa bega. Kuna bunduki, kuna magambuti yaliyofungwa kwa ajili ya askari ambao hawakuwahi kuyavaa.

Wapo wanaosema pafungwe, kwa sababu watu walifia pale na vitu vyao si vya kuchezewa. Hoja hii naiheshimu sana. Wizi ni wa kweli: vipuri vya pikipiki na malori vimenyofolewa kama kumbukumbu za safari. Hata Jacques Cousteau, mzamiaji na mtengenezaji filamu maarufu wa Ufaransa, aliyeifikia meli hii miaka ya 1950, aliondoka na pikipiki, kengele na sefu ya nahodha. Isitoshe, hewa wanayotoa wazamiaji hunaswa chini ya dari za chuma na kuchochea kutu.

Hata hivyo, bila wazamiaji nani angewakumbuka mabaharia wale? Ni wazamiaji waliopiga maelfu ya picha ambazo wataalamu wamezitumia kuichora meli nzima kwa vipimo. Mabaharia wa Sharm el-Sheikh, mji wa kitalii ulio karibu, nao wanalisha familia kwa safari hizi.

Kwa maoni yangu, mharibifu mkubwa zaidi yuko juu ya maji. Mashua zimekuwa zikijifunga moja kwa moja kwenye meli, na kila wimbi likiinua mashua, uzito wote unavuta chuma kilichooza. Mwaka 2007 HEPCA, shirika la Misri la kuhifadhi mazingira, liliweka maboya 32 ya kufungia mashua, likatoboa pia matundu ya kutolea hewa iliyonaswa. Kufikia 2009 hakuna boya hata moja lililobaki: mawe ya kushikilia yalikuwa mepesi mno, yakaburutwa, na kamba zilikuwa ndefu kiasi kwamba kwenye mkondo mkali ilikuwa shida kuogelea kutoka mashua hadi melini.

Huo ulikuwa udhaifu wa ufundi, na ufundi hurekebishika. Kuna wanaongoja Mkataba wa UNESCO wa 2001, unaolinda vilivyokaa majini angalau miaka 100. Kwa Thistlegorm hiyo ni 2041, na kutu haingoji. Kila mzamiaji alipe ada, fedha hizo zinunue mawe mazito, na nahodha atakayefunga kamba kwenye meli anyang'anywe leseni.