Jiwe Latoka Tairini, Kesi Yaja Kwangu

Hivi kuna mtu anayeweza kunieleza kwa nini jiwe likirushwa na lori linaitwa ajali, likirushwa na baiskeli linaitwa ukorofi?

Nauliza kwa sababu nimechoka. Mimi ni Mtanga wa baiskeli, na kwa Tanga hilo si jambo la mtu kujieleza. Mji wenyewe tambarare, ukitoka Chumbageni mpaka Mabawa hukutani na kilima cha kukutoa jasho, kwa hiyo mwalimu, muuza samaki, fundi cherehani na shekhe wote utawakuta juu ya Phoenix, kanzu imekunjwa isiingie kwenye cheni. Lakini baiskeli ina tabia ambayo asiyeipanda haijui: inatupa mawe. Unakwenda zako, hujamgusa mtu, mara chini ya tairi unasikia "twii!" na kitu kimechomoka kwa pembeni. Hapo hujui kimeelekea wapi. Unaomba kiwe kimeingia mtaroni. Halafu unasikia "ngee!" na unajua si mtaro.

Ngee ya kwanza ilikuwa ya dele la kahawa. Ngamiani barabara zake zinaitwa kwa namba, na kwenye mojawapo, sitaitaja, kuna baraza la wazee wanaocheza bao kuanzia adhuhuri hadi jua lipoe. Kokoto ikagonga dele, dele likalia, mkono uliokuwa unagawa kete ukabaki hewani. Mzee mmoja akanitazama mimi, akalitazama dele, akasema taratibu, "Mwanangu, kama unataka kahawa si useme tu?" Wakacheka wote. Nikashuka, nikatoa shikamoo moja moja baraza zima, na kahawa ya baraza zima nikalipa mimi. Pamoja na kashata.

Binti yangu yuko kidato cha tatu, na fizikia anaijua kuliko anavyojua kuosha vyombo. Anasema, baba, tairi ni mviringo, linaigusa lami kwa kijisehemu chembamba tu. Kokoto ikikaa katikati, inakandamizwa inatulia. Ikikaa ukingoni, tairi linaibana kimshazari: chini lami haibonyei, juu upepo unasukuma, na uzito wako, baba (hapo akanitazama tumbo), wote uko hapo. Njia iliyobaki ni pembeni tu, ndiyo ile kokwa ya fenesi ukiibana kwa vidole viwili. Nikamuuliza, sasa nifanyeje? Akasema, punguza upepo au punguza uzito. Nikamwambia akaoshe vyombo.

La upepo nililijaribu. Mawe yakapungua kweli, ila kila shimo rimu ikawa inagonga chini, na tyubu ikatoboka vitundu viwili vilivyokaa jozi, kimoja huku kimoja huku. Fundi akafurahi. Akaniambia dawa ni madigadi mapana. Sasa madigadi yanazuia kinachopanda na tairi, tope na maji machafu; jiwe la pembeni halina habari nayo. Fundi alilijua hilo. Akaniuzia hivyo hivyo, tena na kile kipande cha mpira cha kuning'inia nyuma, kimeandikwa MUNGU ANAJUA. Mpaka leo ndio utetezi pekee nilio nao barabarani.

Na kinachoniuma zaidi, tairi la upepo lilitengenezwa kwa ajili ya mawe hayo hayo. Miaka ya 1880 kule Belfast, John Boyd Dunlop alimwonea huruma mwanawe anavyotikisika kwenye kibaiskeli cha magurudumu matatu, akamfungia mipira yenye upepo ndani. Mwaka 1888 akasajili uvumbuzi wake. Makalio ya mtoto yakapona, dunia ikashangilia, miundi ya wapita njia hakuna aliyeiuliza. Na huyo Dunlop alikuwa daktari wa mifugo, jamani. Mtu aliyezoea wagonjwa wasioshitaki.

Enzi za barabara ya vumbi sikuwa na kesi nyingi. Jiwe likikanyagwa linazama, basi. Shida zilikuja na maendeleo. Lami yetu ni ile ya kunyunyizia: wanamwaga lami ya moto, wanatandaza kokoto juu yake, gari la kushindilia linapita, kisha wanafungua njia eti magari yamalizie kuzizamisha. Zile zilizokataa kushika zinatakiwa zifagiliwe. Mkandarasi alikuja na mitambo yote, ufagio akausahau. Magari nayo yakazisukumia kokoto pembeni, na pembeni ndiko anakopita nani? Ndiko ninakopita mimi. Ndiko alikokuwa anapita mama mkwe.

Kuna watu mtu anaweza kuwapiga jiwe kwa bahati mbaya na maisha yakaendelea. Jirani, mdai, hata bosi ukijitahidi. Mkwe hapana. Alikuwa anatoka soko la Mgandini, kanga zake mbili, kikapu mkononi. Nikamwona, nikapunguza mwendo kwa adabu, nikasogea ukingoni nishuke nimwamkie. "Shika" ikatoka mdomoni, kokoto ikatoka tairini, na kokoto ikawahi kufika kabla ya "moo". Kwenye muundi.

Hakuitikia. Alisema "Aaa!" basi, akainua kanga kidogo, akautazama mguu, akaenda zake akichechemea kuliko jiwe lilivyostahili, na hilo naomba libaki hapa hapa. Jioni ujumbe ukaja. Haukuja kwa simu, ulikuja na mjomba wa mke wangu kwa miguu yake, maana maneno ya namna hiyo hayapigiwi simu. Mama anasema mkwewe akiwa na neno, wazee wapo, alilete mkekani. Asimvizie njiani kwa mawe.

Nikaketi mkekani. Nikaeleza mviringo, nikaeleza mshazari, nikaeleza lami isiyobonyea. Belfast niliifikia pia. Mjomba akanisikiliza kwa utulivu mkubwa, hakunikatiza hata mara moja, mke wangu kajifunika uso kwa mtandio sijui analia sijui anacheka. Nilipomaliza, mjomba akauliza, "Kwa hiyo mwenye neno ni tairi?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na tairi la nani?"

Fizikia ikaishia hapo. Nilitozwa jogoo na doti ya kanga, na kanga mama akaenda kuichagua mwenyewe dukani, jina alisome kwa macho yake. Imeandikwa HASIDI HANA SABABU. Kila ninapokwenda kumsalimia ndiyo anayoivaa.

Haya, na malori je? Yale yanayotoka mjini na mizigo kuelekea upande wa Pongwe, nyuma yana matairi pacha, na kati ya tairi na mwenzake linaweza kubanwa jiwe la kujaa ngumi. Linazungushwa nalo, linazungushwa, siku likichoka linachomoka na kupasua kioo cha gari lililo nyuma. Mwenye kioo anafanya nini? Anapiga honi. Lori limeshafika Muheza. Hakuna mjomba aliyewahi kutumwa kwa lori.

Lakini mimi, changarawe ya ukubwa wa choroko ikigusa mlango wa gari dogo, mwenyewe ananipita, ananizibia njia, anashuka, anawasha tochi ya simu. Saa nane mchana. Akakagua, akaupata mkwaruzo. Mkwaruzo wenyewe una kutu. Nikamwambia, ndugu yangu, kutu ya dakika tatu hii? Akanijibu kwamba hapa bahari iko karibu, chuma kinaoza upesi. Sikuwa nimewahi kusikia uongo wenye elimu kiasi kile. Alianzia elfu hamsini, tukashukiana mpaka soda baridi, akainywea pale pale ameegemea mlango uliojeruhiwa.

Mke wangu anashauri niikokote baiskeli nikifika penye watu. Nimeikokota. Ukikokota baiskeli nzima, kila unayekutana naye anauliza pancha? Unasema hapana. Cheni? Hapana. Sasa unaikokotea nini? Ukimweleza mawe, anakutazama kwa ile huruma ya kumtazama mtu aliyeanza kuzungumza na miti. Bora nipande nishitakiwe.

Wasionilaumu ni watoto wa mtaani tu. Hao wameligeuza jambo zima kuwa mchezo. Wakiniona nachomoza kwenye kona ya msikiti wanapiga miluzi, wanajipanga ukingoni, miguu wamepanua, mikono mbele, wote makipa. Ikitoka, shangwe. Isipotoka, wananizomea kwamba nimebana. Juzi mmoja, hata meno ya mbele hajaota upya, alinikimbilia akafungua kiganja, kokoto imo ndani imetulia. "Anko, nimeidaka! Rudi tena, ila uje na mwendo kidogo."

Nikaegesha baiskeli, nikawakusanya, nikawasomea kwa ukali kwamba macho hayauzwi dukani na sitaki kumwona mtu amesimama pale tena. Wakaitikia vizuri, ndiyo anko, wakatawanyika. Kesho yake napita, wapo pale pale, safari hii wote wamevaa miwani ya jua ya mama zao.