Baada ya utumwa, nani alilipwa?

Fidia kwa wazao wa watumwa ikitajwa hapa Njombe, wengi husema hayo ni mambo ya Wamarekani na watu wa pwani. Hoja yao ina uzito. Mateka wa vita vya nyanda hizi waliobaki huku mara nyingi waliolewa au kuoa na kumezwa na koo za waliowateka, na hadi leo kumwita mtu mjukuu wa mtumwa ni kumvunjia heshima. Nani basi atasimama mbele ya hakimu kudai?

Hata hivyo, hesabu ilikwenda kombo tangu mwanzo. Uingereza ilipofuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1834, ilitenga pauni milioni 20 kwa ajili ya mabwana, huku wengi wa walioachwa huru wakilazimishwa kuwatumikia mabwana haohao hadi mwaka 1838. Amri ya Zanzibar ya mwaka 1897 nayo iliwafidia wenye watumwa, kisha ikamtaka aliyepata uhuru aoneshe makazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Asiye na shamba angeonesha nini, kama si makubaliano ya kumlimia bwana wake wa jana?

Tanganyika ilifuta utumwa kisheria mwaka 1922. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya mabwana na watumishi, ambayo chini yake aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha aliweza kushtakiwa kama mhalifu. Hapo ndipo suala linapotugusa, kwa sababu Wabena na Wakinga walioshuka kwenye mkonge wa Tanga kutafuta fedha ya kodi waliikuta sheria hiyo inawasubiri. Manamba, yaani kibarua wa mkataba aliyeandikwa kwa namba, alipewa kipande, kadi ya kazi ya siku 30; siku ambayo hakumaliza kazi aliyopimiwa haikutiwa alama, na mshahara ulingoja kipande kijae.

Wapo wanaokataa kuuita huo utumwa, nami nakubaliana nao: manamba hakuuzwa, alilipwa, na wapo waliorudi na mahari mkononi. Lakini mtu anayefungwa kwa kuacha kazi hana nguvu ya kubishania ujira, na kilio hicho ndicho cha yule aliyeachwa huru bila ardhi. Nikiulizwa dai la huku lianze na nani, nitaanza na hawa wa kipande, maana wao walau waliandikwa namba, na aliyeziandika ni mwajiri mwenyewe.