Nishani Iliyochelewa Miaka 97

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Mei 1918, askari wawili weusi wa Marekani walikuwa lindoni pembezoni mwa msitu wa Argonne, Ufaransa. Mmoja ni Henry Johnson, ambaye kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alibeba mizigo ya abiria katika stesheni ya reli ya Albany, jimbo la New York. Mwenzake aliitwa Needham Roberts. Kundi la Wajerumani likawavamia gizani. Roberts alijeruhiwa mapema, wakaanza kumburuta wamchukue mateka. Johnson mabomu ya mkono yalikuwa yamemwishia na bunduki imekwama. Akaigeuza rungu, kisha akachomoa kisu kikubwa mfano wa panga na kuwaingilia nacho. Kulipokucha alikuwa na majeraha 21, na Roberts hakutekwa.

Kikosi chao, Rejimenti ya 369, kilikuwa chini ya Wafaransa, kwa sababu jeshi la Marekani liliwatenga askari wake kwa rangi. Ufaransa ilimvisha Johnson nishani ya Croix de Guerre. Nchi yake haikumpa nishani yoyote hadi 1996, na alikuwa amekufa tangu 1929. Nishani ya Heshima, iliyo kubwa kuliko zote huko, Rais Obama aliitoa Juni 2015.

Wapo wasiopenda nishani hizi za baada ya miongo mingi, na si haki kuwaita wote wabaguzi. Hoja yao ina historia. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865), askari 864 wa kikosi kimoja cha jimbo la Maine waliandikiwa nishani hiyohiyo kwa sababu wachache wao, na si wote, walikubali kukaa siku chache zaidi kulinda Washington. Mwaka 1917 jeshi liliyafuta majina 911, yakiwemo yale 864. Tangu hapo masharti yakakazwa: ushahidi usio na shaka, mashahidi walioona kwa macho, na muda maalumu ambao ukipita, sharti Bunge la Marekani liruhusu. Wanauliza, mashahidi wakishakufa wote, nani atathibitisha? Tena wanaongeza kwamba kumpa marehemu nishani ni rahisi kwa mwanasiasa: haidai pensheni wala matibabu. Hilo la pili linaniuma kwa sababu ni kweli.

Lakini hilo la ushahidi lina tundu kubwa. Katika Vita vya Pili vya Dunia walitumikia Wamarekani weusi zaidi ya milioni moja. Nishani za Heshima zilizotolewa zilizidi 400. Kwao haikufika hata moja. Mwaka 1993 jeshi lenyewe liliwapa kazi watafiti wa Chuo Kikuu cha Shaw wachunguze sababu. Hawakupata karatasi rasmi hata moja inayoonyesha kwamba askari mweusi aliwahi kupendekezwa. Sasa, mtu aliyenyimwa kuandikwa utamdaije maandishi? Hapo ukimya wa makabrasha ndio ushahidi wenyewe. Kapteni Paris Davis, aliyepigana Bong Son nchini Vietnam mwaka 1965, alipendekezwa, na karatasi zake zikapotea mara mbili. Alivishwa mwaka 2023.

Na karatasi kuwepo nako si uthibitisho wa ushujaa. Askari wapatao 20 walipewa nishani hiyo kwa yaliyotokea Wounded Knee mwaka 1890, huko Dakota Kusini, ambako Walakota zaidi ya 200, wenyeji asilia wa Marekani, waliuawa na jeshi, wengi wakiwa wanawake na watoto. Makabrasha yao yapo.

Matunda ya uchunguzi wa Shaw yalionekana Januari 1997, weusi saba walipotunukiwa na Rais Clinton. Aliyekuwa hai ni mmoja tu, Vernon Baker, luteni aliyeongoza shambulio la kasri ya Aghinolfi nchini Italia Aprili 1945. Kwangu mimi, kilichozipa nishani zile saba uzito ni ule uchunguzi uliotangulia: ripoti iliyoagizwa na jeshi lenyewe ilieleza kwamba kosa lilitokana na ubaguzi jeshini. Nishani bila ungamo kama hilo ingekuwa zawadi tu, na zawadi hupokonyeka. Kambi ya Fort Polk huko Louisiana iliitwa Fort Johnson mwaka 2023 kwa heshima ya huyuhuyu Henry. Mwaka 2025 jina la Polk likarudishwa.

Kwa Johnson, kizuizi kilichotajwa miaka yote ni upungufu wa ushahidi. Kumbe taarifa ya Mei 1918 ya Jenerali Pershing mwenyewe, mkuu wa majeshi ya Marekani huko Ufaransa, iliyosifu alichofanya usiku ule, ilikuwepo. Ilipatikana ofisi ya Seneta Charles Schumer ilipoitafuta. Hata kaburi lake watu waliamini ni la kimaskini, lisilojulikana liliko, mahali fulani Albany. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likagunduliwa kwenye makaburi ya kitaifa ya Arlington, ambako serikali ilimzika kwa heshima za kijeshi mwaka 1929 na kuliandika jina lake kitabuni.