Shangazi Ng'washi, mdaiwa sugu

Kwenye kamati ya harusi ya mdogo wangu, hapa Mwanza, kiherehere kilinipanda: daftari la nini, nitawatengenezea mfumo. Ahadi niliziingiza mwenyewe kwenye kompyuta, na kila aliyelipa alijaza jina na kiasi kwa simu yake. Kanzidata ioanishe majina, ipige hesabu, mimi ninywe soda.

Jumapili mwenyekiti akasimama kusoma wadaiwa sugu. Wa kwanza: Ng'washi, laki mbili, hajatoa hata senti. Shangazi mwenyewe yupo kiti cha mbele, kitenge kipya.

"Nani hajatoa?" Akachomoa simu, muamala huu hapa. Nikaandika Ng'washi mbele ya watu: sifuri. Akaandika yeye kwenye simu yake, Ng’washi: 200,000. Nikarudia: sifuri. Nyuma nikasikia mjomba akinong'ona, "Dogo keshazila hizo."

Jasho likanitoka mpaka nilipokuza herufi kwenye projekta. Ritifaa yangu, kile kialama cha kwenye ng', imesimama wima kama mlinzi wa benki. Ya shangazi imejikunja kama mkia wa mbuzi, maana simu yake huipinda yenyewe, eti ipendeze. Kwa kompyuta kila alama ina namba: yangu ni 39, ya shangazi ni 8217. MySQL, ndiyo kanzidata yangu, iliona watu wawili: mmoja ana ahadi bila malipo, mwingine ana malipo bila ahadi.

"Shida ni ritifaa," nikaanza.

"Ritifaa ni nani? Mtoto wa nani kwenye ukoo huu?"

Nikajitetea kwamba mfumo hauna ubaguzi. Kanuni ya kulinganisha niliyochagua, utf8mb4_unicode_ci, haijali herufi kubwa wala ndogo, na alama za juu ya irabu inazifumbia macho. Nikatoa na mfano, ndipo nilipojichongea: shemeji wa Bukavu aliahidi kama Rene, akalipa kama René, na mashine ikampokea bila swali.

Ukumbi ukanyamaza.

"Kwa hiyo," shangazi akasema taratibu, "shemeji akija na kijiti kichwani mnamjua. Mimi niliyekubeba mgongoni, mkia kidogo tu, mnanikana?"

Mpaka leo sijapata jibu la maana. Usiku ule niliandika amri moja tu, ya kugeuza ritifaa zote zilizohifadhiwa ziwe wima. Asubuhi wadaiwa sugu wakashuka kutoka 14 hadi 3. Akina Ng'wandu na Nyang'oro wote walikuwa wamelipa siku nyingi, wakisubiri tu zamu yao ya kuaibishwa.

Kikao kilichofuata shangazi alikuja na noti mkononi. Nikafungua kompyuta.

"Funga hiyo." Akanisukumia kaunta buku. "Andika Mama Roza. Na ukikosea hapo, usimsingizie Ritifaa."